Siku moja na kijiko kwenye mto Lukuga

 

Katika mkutano uliopita mliniuliza kwa nini nilikosa majuma mawili, na kwa nini kijana wangu alirudi toka Kalemie na kidole kimefungwa kitambaa. Nilisema nitaandika. Sasa naandika, na nitaanza na jambo ambalo si la kujivunia.

Chandarua kilichonuka samaki

Mnajua mimi ni muuzaji wa ndakala hapa Uvira. Mnajua pia kwamba baba wa watoto wangu yuko mbali kwenye machimbo, na pesa yake hufika mara moja moja. Mtoto wa kwanza ni kijana wa miaka 15. Wa mwisho ana miaka 2, bado analala kwangu.

Mwezi ule ndakala zilikuwa chache na bei ilipanda. Mimi mwenyewe nilikuwa nauza samaki sokoni, na nyumbani tunakula bukari na chumvi. Jioni moja nilitaka kumlaza mdogo nikakuta chandarua, musitikeri kama tulivyozoea kusema, hakipo juu ya kitanda. Niliuliza, kila mtu akanyamaza. Siku ya tatu nilikikuta nyuma ya nyumba. Kilikuwa kimekatwa na kushonwa pamoja na vya majirani wawili, kimefungwa mawe pembeni, kinanuka samaki. Kijana wangu na wenzake walikuwa wakikikokota ufukweni kila alfajiri.

Samaki waliotoka mle walikuwa kama kucha za mtoto. Mimi nimekua ziwani, nawajua. Wengine walikuwa watoto wa kuhe. Kuhe ni samaki ambaye baba na mama hulinda watoto wao pamoja, hawaondoki mpaka wadogo wapate nguvu. Chandarua kilikuwa kimewabeba wote kwa mkokoto mmoja.

Juma lililofuata mdogo alishikwa na homa. Kwenye kituo cha afya kipimo kikaonyesha malaria. Nilirudi nyumbani na dawa mkononi na hasira kichwani, nikamgombeza kijana mbele ya majirani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole: "Mama, ulisema hakuna mboga. Mimi nilileta mboga."

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile hakusema nami tena, isipokuwa "ndiyo" na "hapana".

Mto unaotoka badala ya kuingia

Yaya yangu ameolewa Kalemie. Aliposikia kwenye simu akasema: "Mdogo wangu, mlete huyo kijana kwangu. Baba mkwe wangu anavua kwenye Lukuga, anavua na kijiko. Acha amwone." Nilidhani anatania. Lakini mdogo alikuwa amepona, mama yangu akakubali kumlinda pamoja na wenzake, tukapanda boti.

Kwetu Uvira mto tunaoujua ni Ruzizi. Unaleta maji toka ziwa Kivu na kuyamwaga ziwani. Lukuga hufanya kinyume. Ni mto mmoja tu unaotoa maji ya Tanganyika nje. Unaanzia pale Kalemie, unakwenda upande wa magharibi kiasi cha kilomita 320 mpaka Lualaba, na Lualaba ndiyo inayokuwa mto Congo. Kijana wangu aliposimama darajani na kuona maji yanaliacha ziwa, alisahau kwamba hasemi nami. Akauliza: "Mama, sasa yanaenda wapi?"

Babu, ndivyo sote tulivyomwita baba mkwe wa yaya, alimjibu yeye. Alifanya kazi ya reli miaka mingi, na njia ya reli ya kwenda Kabalo aliijua kama njia ya choo. Akatuambia kwamba mto huu umewahi kufa na kufufuka. Hilo ni kweli, liko katika vitabu. Mwingereza Cameron aliufikia mwaka 1874. Stanley alipokuja mwaka 1876 alikuta mlango wake umezibwa na matete na matope, maji hayatoki. Miaka michache baadaye ziwa lilijaa, likavunja kizuizi, mto ukakimbia kwa nguvu. Sisi ambao mwaka 2024 maji ya ziwa yalitufukuza katika nyumba, hatuna shida kuamini.

"Kwa hiyo," Babu akasema, "mtu akikuambia anaujua mto huu kwa sababu aliuona mwaka jana, usimfuate."

Kijiko cha yaya

Jioni Babu aliingia jikoni, akachagua kijiko cha chuma kinachong'aa. Yaya akalalamika, lakini si sana, nadhani alikuwa amezoea. Babu akakata mpini kwa msumeno. Akatoboa tundu kila upande wa kile kichwa kilichobaki. Tundu moja akatia pete ndogo na ndoano yenye ncha tatu, akafunga uzi mwekundu juu ya ndoano. Tundu la pili akafunga kipande cha waya mwembamba, alichokichomoa katika kamba ya breki ya baiskeli. Baada ya waya ndipo ukaja uzi wa nailoni, umezungushwa kwenye kopo la maziwa.

"Waya wa nini?" kijana akauliza.

"Wa meno. Utayaona."

Hicho ndicho chambo cha uongo. Hakina mnyoo, hakina unga, hakina harufu. Ukikivuta majini kinayumba na kumetameta kama samaki mdogo aliyeumia. Samaki anayekula wenzake hawezi kuvumilia, anakirukia. Yule anayekula majani na matope hakijali. Ndiyo maana hutavua kila kitu nacho.

Inasimuliwa kwamba hata huko Marekani mambo yalianzia jikoni. Mtu mmoja, Julio Buel, alikuwa anakula ndani ya mtumbwi, kijiko kikamponyoka, akaona samaki anakikimbilia kikizama. Mwaka 1852 alipewa hati ya serikali kwa chambo cha namna hiyo. Lakini wavuvi wetu wa mikeke nao hawakufundishwa na mtu wa mbali. Kwenye kamba yao yenye ndoano nyingi wao hufunga manyoya, mikeke inadhani ni ndakala. Kijana wangu alisema hivyo mwenyewe, na Babu akamtazama kwa heshima. Nikaona mabega ya mtoto yamenyooka kidogo.

Kuuliza kwanza

Tulitoka kabla ya jua, pikipiki mbili, mpaka mahali ambapo mto unapinda kati ya mawe na miti. Kijana alikuwa ameshafungua kopo lake. Babu akampita, akaenda kwa wanawake waliokuwa wakiloweka mihogo na kuteka maji. Akawasalimu mmoja mmoja, akauliza habari za watoto. Kisha akakaa chini.

Kijana akaninong'oneza: "Tumekuja kuvua ama kupiga habari?" Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoniambia kwa juma zima, basi sikumkemea.

Wale mama walijua mto kuliko mvuvi yeyote. Mmoja alituonyesha pindo lenye kivuli kizuri, mahali ambapo mimi ningechagua, akasema msikanyage pale, mamba alichukua mbwa mvua iliyopita. Mwingine akasema viboko hupita jioni kwenye njia ile ya majani yaliyolala, msikae juu yake jua likishuka. Wa tatu, bibi mwenye meno machache, akaonyesha jiwe kubwa katikati ya maji: "Nyuma yake maji yanageuka. Asubuhi samaki wenye meno wanafukuza wadogo hapo. Mnawasikia wakipiga maji." Wakatuonya pia na maji yaliyotulia penye majani, kwa maana konokono wa kichocho hukaa humo.

Bila kuuliza, tungesimama kwenye pindo la mamba. Hilo nimeliweka moyoni.

Babu akatoa sheria zake, tatu tu. Simama hatua tano toka ukingo. Usizungushe uzi mkononi, ushike kopo. Kijiko kikinasa, kata uzi. Hakuna mtu anayeingia majini.

Kijiko cha kwanza

Kijana wangu alirusha kama wanavyorusha ziwani. Aliacha kijiko kizame, kizame, akingoja chini. Lakini mto si ziwa. Chini yake kuna mizizi na mawe, na maji yanasukuma. Mara ya tatu kikanasa. Akavuta huku, akavuta kule, akaona aibu mbele ya wale mama. Kabla sijajua, alikuwa amevua viatu na mguu mmoja uko majini.

Nilimshika shati kwa nyuma. Nilimvuta kwa nguvu mpaka tukaanguka wote wawili kwenye matope. Akanigeukia na macho makali, nami nilikuwa natetemeka, siwezi hata kusema. Babu akaja taratibu, akakata uzi kwa wembe.

"Kijiko kingine kiko jikoni," akamwambia. "Wewe, mama yako hana mwingine."

Kijana akatazama matope kwenye kitambaa changu. Hakusema kitu. Akaketi karibu nami, na alikaa hapo mpaka Babu alipofunga kijiko cha pili.

Meno

Baada ya hapo Babu alimwonyesha. Unarusha juu ya jiwe, si chini yake. Mara kijiko kinapogusa maji unaanza kuvuta, hakuna kungoja. Unakipitisha kwenye mpaka, pale maji ya mbio yanapokutana na maji ya polepole. Samaki amekaa upande wa polepole, hapotezi nguvu, anatazama chakula kinachopita upande wa mbio. Nikawaza ni kama sisi sokoni tunavyokaa kivulini tukitazama barabara.

Tulirusha kwa zamu. Mimi pia nilirusha, na wale mama walicheka mpaka wakaacha mihogo. Kijiko changu kilikwenda juu ya mti. Jua lilipanda, tukala mihogo ya kuchoma, na hakuna aliyepata kitu. Sitawadanganya: sehemu kubwa ya siku ile ilikuwa kurusha na kuvuta, kurusha na kuvuta.

Kisha kopo likaruka mikononi mwa kijana. Kwenye maji akatoka samaki wa fedha mwenye mistari myeusi ubavuni, akaruka juu mzima mzima, akatikisa kichwa, kijiko kikamtoka na kutupiga magotini. Kijana akapiga kelele ambayo sikuisikia tangu alipokuwa mdogo.

"Kibebe," Babu akasema. "Ana ndugu yake kwenye mto mkubwa, wanamwita mbenga. Yule hupita kilo 50. Huyu wako ni mtoto wa shule."

Wa pili hakutoka. Kijana alisahau sheria, akashika uzi kwa vidole, ukamkata. Hakuachia. Damu ilitiririka, naye anarudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka kibebe akalala kwenye majani, mrefu kama mkono wangu toka kiwiko mpaka vidole. Tuliyaona meno. Yako nje ya mdomo kama misumari, ya juu na ya chini yanapishana. Ule waya wa breki ulikuwa umekwaruzwa wote. Nailoni tupu isingebaki.

Yule aliyerudishwa

Lakini samaki niliyetaka kuwaambia habari zake hasa ni wa tatu. Alikuwa kibebe mdogo, kama kiganja. Babu alilowesha mkono, akamshika, akatoa ndoano kwenye mdomo, akamrudisha majini.

Kijana akaruka: "Babu! Ni mboga hiyo!"

"Ni mboga," Babu akasema. "Ya mwaka kesho."

"Na leo?"

"Leo una yule mkubwa. Ungekuwa huna kitu, ningekuachia huyu mdogo, singekufundisha maneno mazuri juu ya tumbo tupu. Lakini unaye. Ndoano inakupa nafasi ya kuchagua. Chandarua hakikupi. Ukikitoa majini, wote wameshakufa."

Sikujua kwamba yaya alimwambia habari ya chandarua. Kijana alinitazama, akadhani ni mimi. Nilitikisa kichwa. Akageuka kutazama maji mahali ambapo yule mdogo alikuwa amepotea, muda mrefu.

Nami nilitazama. Katika nyumba yangu nilikuwa nimepiga kelele juu ya chandarua, lakini njaa iliyokikata sikuizungumzia. Babu alianza na njaa, ndipo akafika kwenye chandarua. Nadhani ndiyo sababu mtoto alimsikia.

Usiku, jikoni kwa yaya

Kibebe ana nyama tamu na miiba mingi sana. Yaya alinionyesha: umpasue, kisha umkate mikato myembamba iliyokaribiana pande zote mbili, mpaka kisu kiguse mfupa mkubwa. Umtie chumvi na ndimu, umkaange katika mafuta ya mawese yaliyo moto sana. Miiba midogo inakauka na kuvunjika. Baadaye nyanya, kitunguu, pilipili moja nzima. Kwa watoto wadogo, chambua kwa vidole kabla ya kuwapa, hata hivyo. Tulikula watu saba, na kijana alipewa kichwa.

Mimi ni mchuuzi, nilipiga hesabu kabla ya kulala. Kijiko, ndoano, nailoni, pikipiki mbili, siku nzima, samaki mmoja. Hiyo si biashara. Mama atakayewaambia wanawe waache kazi ya ndakala wakavue na vijiko, asitaje jina langu. Lakini ni mboga ya siku moja bila kukata kitanda cha mtoto, na ni kazi ambayo kijana anaweza kuifanya jumamosi akijua anachukua nini na anaacha nini.

Tuliporudi

Safarini kwenye boti kijana alilala begani kwangu. Karibu na Uvira akaamka, akauliza: "Mama, chandarua kipya kinatoka wapi?"

Nilimwambia. Hutolewa bure kwa mama mwenye mimba anapoenda kwenye kliniki, na katika kampeni za kugawa nyumba kwa nyumba. Mwenye kukosa aulize kwenye kituo cha afya au kwa mpashaji wa habari za afya wa mtaa wake. Alikwenda mwenyewe kuuliza. Hakukipata siku ile. Alirudi tena, akakipata, akakifunga juu ya kitanda cha mdogo kwa misumari minne. Kisha ndipo alipoomba pesa ya ndoano.

Wenzake wawili bado wanakokota. Si mimi wa kuwahukumu. Kijana wangu amewaonyesha kijiko, mmoja amecheka, mmoja ameomba kushika.

Tuyazungumze katika vikundi

Nimeombwa kuacha maneno machache ya kufanyia mazungumzo juma hili.

Kwanza, nchi yetu ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria, na watoto walio chini ya miaka 5 pamoja na mama wenye mimba ndio wanaoumia zaidi. Mbu wa malaria huuma usiku. Je, usiku wa leo kila mtoto wetu analala chini ya chandarua? Nani hana, na kikundi kimsaidieje?

Pili, dawa iliyo ndani ya vyandarua vipya huua mbu, lakini ni sumu kali kwa samaki. Tusivifue ziwani wala mtoni. Tufue katika beseni, na maji yale tuyamwage shimoni, mbali na mto na kisima.

Tatu, watoto wetu wanapokwenda kuvua mahali wasipopajua, wanamuuliza nani? Tuwafundishe kuuliza mama wanaoteka maji pale. Tuwape zile sheria tatu za Babu.

Nne, na hili nauliza kwa ajili yangu mwenyewe: mtoto akileta nyumbani kitu alichokipata kwa njia mbaya kwa sababu tulikuwa na njaa, tunaanza na neno gani? Mimi nilianza na kelele. Anayejua neno lililo bora alilete jumatano.

Kile kijiko kiko kwangu, kimetundikwa ukutani karibu na sufuria. Yaya amenipigia simu kwamba nimrudishie kingine.